Figa la Tatu

Fonio iliiva upande mmoja tu.

Tigidanke alifunua chungu, akazamisha mwiko, akaona nafaka ya upande wa mlangoni imefura na kulainika vizuri, lakini ya upande uliokalia figa la tatu ilikuwa mbichi na baridi, kama imetoka kulowekwa sasa hivi. Moto ulikuwa unawaka sawasawa. Akakigeuza chungu, akachochea, akangoja. Sehemu iliyokuwa imeiva ikabaki imeiva, na chochote kilichokaa juu ya jiwe lile kikakataa moto.

"Kuni za huku hazifai," alisema mama mkwe wake, Dado, akiwa amekaa kizingitini. "Hata moto wametuharibia."

Hapakuwa na kitu katika Kolun Mpya ambacho Dado alikisifu. Nyumba za saruji walizojengewa na kampuni ya bwawa aliziita makabati. Nyaya kubwa za umeme zilizopita juu ya kijiji, zikivuma kutwa kupeleka mwanga Conakry huku wao wakila kwa kibatari, aliziita wakwe wenye majivuno. "Wanapita, wanapiga kelele, hawaachi kitu," alikuwa akisema, na majirani wakicheka.

Siku hiyo Tigidanke hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye lile figa.

Kwao mwanamke hahami bila mafiga yake. Yale matatu aliyowekewa siku ya arusi ndiyo humfuata popote, na anayeyaacha nyuma huitwa mwanamke asiye na moto. Siku malori ya kampuni yalipokuja kuwatoa bondeni, kabla maji hayajapanda, Tigidanke alipokuwa anang'oa mafiga yake moja lilimpasukia mikononi. Dereva alikuwa anapiga honi, mumewe Yero anamwita. Alikimbia nyuma ya kijiji, hadi kwenye mti mkubwa wa teli, mti ambao hakuna mtu aliyewahi kukata tawi lake, na ambao wanawake waliumwagia maziwa kidogo kabla ya kupita chini yake. Akaokota jiwe lililolala penye mizizi. Hakutoa salamu. Hakumwaga maziwa. Hata bismillahi haikumtoka. Alilifunga kwenye kitambaa, akapanda lori, wala hakumwambia mtu.

"Sira, njoo ule," aliita.

Sira alikuwa mtoto wake wa pekee. Mwenyezi Mungu alimpa watatu, akamwachia huyu, msichana wa miaka mitano mwenye mwanya na maneno mengi. Alikuja akachuchumaa mbele ya sahani bila kunyoosha mkono.

"Mbona huli?"

"Huyo hajala."

"Nani?"

Sira akaonyesha jikoni kwa kidevu. "Anayekaa kwenye moto. Anasema nyumba yake imezama."

Tangu siku hiyo mtoto akawa hali chakula. Kosan aliyoipenda, yale maziwa mgando yenye sukari, ilichacha mbele yake hajaigusa. Akawa mwepesi hata Yero alipombeba alimgeukia mkewe kwa hofu, kana kwamba amekabidhiwa nguo tupu.

Jini huyu hakungoja usiku. Alikuja adhuhuri, jua likiwa utosini, watu wamelala kwa joto. Kwanza Tigidanke alisikia majani. Yalichakarika juu ya bati, taratibu, kama mti mkubwa unaojigeuza usingizini, na Kolun Mpya haikuwa na mti hata mmoja, kampuni ilikuwa imeukwangua udongo mwekundu hadi chini kabla ya kujenga. Kisha ikaja harufu ya gome bichi na ubaridi wa kivuli, kivuli kile hasa alichokijua tangu utoto wake bondeni, na kivuli chenyewe kikaingia mlangoni kikitambaa sakafuni dhidi ya jua, kikapita juu ya miguu yake iliyokufa ganzi, kikapita juu ya mafiga, kikafika kwenye mkeka aliolala Sira, kikampanda miguu, tumbo, kifua, na yeye mama mtu anataka kusoma Ayatul Kursiyyu aliyoisoma tangu hajaota meno ya ukubwani lakini neno la kwanza linamkimbia, analitafuta, halipo, mpaka kivuli kikafika kwenye mdomo wa mtoto, na mdomo ukafunguka wenyewe, kikaingia chote, na chumba kikarudi kuwa cheupe na chenye joto kama zamani.

Sira akaketi. Akaichunguza mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga.

Karamoko Sadu, aliyewafundisha Kurani watoto wa Kolun kwa miaka mingi, aliletwa alasiri hiyohiyo. Alimketisha Sira mapajani mwa Yero, akasoma, akapuliza maji, akasoma tena. Sauti iliyomtoka mtoto ilikuwa kavu, ya polepole, wala haikuwa na hasira.

"Wewe nani?" Karamoko aliuliza kwa kunong'ona.

"Mwenyeji wa Kolun. Babu zako walinikuta."

"Mtoto huyu amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Ni pahali pa kukaa tu."

"Toka, kwa jina la Mola wako."

"Na mimi Mola wangu ni huyohuyo. Nitoke niende wapi, mwalimu? Walikuja wageni wakapima kila shamba. Hata wafu wenu walifukuliwa kwa heshima wakazikwa upya huku juu. Mimi nani aliniuliza?"

Karamoko akafunga kitabu. Alikuwa amewatoa majini wakaidi, wezi na waongo, lakini huyu alikuwa anasema kweli, na kweli haifukuzwi kwa fimbo. Akawageukia watu wa nyumba. "Nani kamleta?"

Yero akamtazama mama yake. Dado akawatazama wote wawili. Tigidanke akapiga magoti.

"Ni mimi, Karamoko. Figa lile nimelitoa chini ya mti wa teli. Moja lilipasuka, nikaona aibu kuhama na mawili."

"Ulilichukua bila salamu?" Dado aliuliza.

"Bila salamu, Mama."

Tigidanke alingoja tusi, lakini kikongwe alishika tu kichwa chake na kusema, "Laiti ungetukana mizimu yote ya Guinea, mwanangu, ukamwacha huyo."

Wakaona jiwe lirudishwe. Yero akalibeba hadi ziwani, akamlipa mwenye mtumbwi, wakapiga kasia juu ya maji yaliyotulia kama kioo, huku vilele vya miti iliyokufa vikitokeza hapa na pale kama vidole. Walipokisia kuwa Kolun iko chini yao, akatoa salamu, akamwaga maziwa, akaliachia jiwe.

Wakati huohuo kule nyumbani Sira aliinuka mkekani akikohoa. Nywele zake zilikuwa zinachuruzika maji, na hakuna aliyemwogesha. Akakohoa tope. Akakohoa tena, likatoka jani la teli, jeusi, limeoza.

"Mmenizamisha mara ya pili," ilisema ile sauti. "Mimi ni wa kivulini. Wewe ungekubali kulala kitandani kwako huko chini?"

Karamoko akambembeleza kwa muda mrefu. Mwishoni akampa nyumba.

"Hii ya saruji?" sauti iliuliza.

"Hiyo ndiyo waliyo nayo. Wao watajenga ya nyasi pale nyuma."

"Mpe na ufunguo," Dado alinong'ona. "Amkome mwanetu."

Wakahama tena. Yero alisimamisha kibanda cha nyasi, na nyumba ya kampuni ikafungwa. Karamoko akaagiza mtu asivuke kizingiti kile bila kumtaja Mungu na kuomba ruhusa, na hata hivyo ni heri asivuke kabisa.

Nyumba haikumpendeza jini. Asubuhi Sira alikunywa uji, akacheza, na Tigidanke akamshukuru Mungu. Adhuhuri, bati lilipoanza kualika kwa joto, yakasikika majani, na kivuli kikatoka chini ya mlango uliofungwa kikaja kibandani.

"Kule kunaunguza," ilisema sauti kinywani mwa mtoto. "Huku kuna damu, kuna ubaridi."

"Hata jini wameshindwa kumjengea," Dado alisema, lakini hakucheka mtu, wala yeye.

Karamoko alimvuta Tigidanke kando. "Mama Sira, nisikilize. Anataka aliye hai. Akipata mwili mwingine ataondoka. Asipopata, mwanao hatafika masika. Lakini kumtwisha mtu mwingine ni dhulma, mimi siifanyi, wala usije ukaniomba."

"Sijaomba, Karamoko."

Ni kweli hakuwa ameomba. Alikuwa amewaza tu.

Ndipo wakaja watu wa benki. Ilikuwa benki ya ng'ambo, iliyoikopesha serikali fedha za bwawa, na kila mara ilituma watu kuangalia kama waliohamishwa wanaishi vizuri. Waliteremka kwenye magari meupe, jua likiwa kali, wakapita wakitazama mabomba makavu na kuta zenye nyufa, wakawa wanatikisa vichwa. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi, mpole, aliyeinama kuwapa mkono watoto. Alipofika kwa Yero akasimama. Nyumba ilikuwa safi, haina moshi ukutani wala alama ya mguu.

Tigidanke alikuwa nje ya kibanda. Nyuma yake Sira alilala, mbavu zikionekana moja moja. Majani yalikuwa hayajaanza bado.

Mkalimani, kijana wa Conakry mwenye miwani, akamwuliza, "Mama, mgeni anasema hii ndiyo nyumba nzuri kuliko zote. Kwa nini mnalala kwenye nyasi?"

"Joto," alisema Tigidanke.

Mgeni akasema kitu kwa upole, mkono wake ukiwa tayari mlangoni.

"Anaomba ruhusa aone ndani. Anaweza kuingia?"

Yero hakuwepo. Dado alikuwa kizingitini mwa kibanda, na macho yake yalimganda mkwewe, yakimwambia asithubutu. Neno moja lilitosha. Hapana, nyumba ina nyoka. Hapana, ina mgonjwa. Tigidanke alimwangalia yule mwanamke, shingo yake iliyochomwa na jua, pete yake ya ndoa, akajua kuwa huyu naye ana watu wanaomngoja. Kisha nyuma yake Sira akakohoa.

"Aingie," alisema. "Nyumba ni yao."

Mlango ukafunguka, ukajifunga. Majani yakachakarika juu ya bati, kwa nguvu, hata mkalimani akainua uso kutafuta mti, yakaendelea, yakazidi, halafu yakakatika mara moja. Ukabaki ule mvumo wa nyaya tu.

Mgeni akatoka bila viatu. Alisimama juani, akaichunguza mikono yake, mbele na nyuma. Akamgeukia Dado, na kwa Kifula cha bondeni, kile cha wazee wa kale, akauliza, "Dado, ng'ombe wamekunywa?"

"Wamekunywa, kwa amani," Dado akajibu kwa mazoea, kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ajabu!" Mkalimani alicheka. "Kumbe mama anajua Kifula siku zote hizi, anatuficha!"

Wenzake wakacheka, wakampigia makofi. Walimwokotea viatu vyake, wakamfungulia mlango wa gari. Kupitia kioo alimtazama Tigidanke mara moja, akainamisha kichwa, kama msafiri anayemshukuru aliyempa malazi. Magari yakashika njia ya Conakry, kuelekea uwanja wa ndege, na huko mbele kwenye majumba yao marefu yenye ubaridi, ambako hakuna mtu anayejua kumwaga maziwa.

"Mama," alisema Sira. "Nina njaa."

Alikula sahani nzima, akaomba nyingine, akailamba. Dado alimtazama mjukuu wake akila, machozi yakimtiririka, na alipozungumza sauti yake haikuzidi pumzi.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimemlisha mtoto, Mama."

Adhana ya alasiri ikaita. Tigidanke alitawadha, akasimama kwenye msala, akarukuu, akasujudu. Paji lake likabaki chini muda mrefu, kwa maana hakujua aanze na shukrani au aanze na toba, na kila alipoanza na moja, nyingine ilimzuia.