Nyumba Itakayokuwa Wazi Karibuni

Bomba la jikoni lilifunguka lenyewe mchana kweupe, likatiririsha maji kidogo, likafungwa. Kisha likafunguka la bafuni. Mke wa dalali, aliyekuwa sebuleni akishona, alidhani ni mumewe, mpaka alipoinua kichwa akamwona mumewe yuko palepale mbele yake, mezani, anaandika barua.

Barua ndizo zilizokuwa kazi yake siku hizo. Alikuwa dalali mpya wa nyumba, mwenye maneno matamu hata mtaani wakamwita Mdomo Asali, ila asali yenyewe hakuna aliyekuwa akiilamba. Basi akakata shauri ajitambulishe. Aliandika kwa mkono, barua moja baada ya nyingine, akazipitisha chini ya kila mlango: mimi ni fulani, kazi yangu ni hii, ukitaka kuuza, kununua au kupanga, niko tayari kukutumikia. Lakini barua ya dalali asiye na nyumba ni ndoano isiyo na chambo, naye nyumba ya kuonyesha hakuwa nayo hata moja. Akaiandika ile aliyokuwa akiishi: vyumba vinne, ukuta imara, kivuli upande wa nyuma, itakuwa wazi karibuni, mteja akaribie kuitazama saa yoyote.

Nyumba hiyo ilikuwa ya mama mkwe wake. Na mama mwenyewe alikuwa hai, mgonjwa wa miguu, amelala chumba cha nyuma. Wahenga walisema mtumai cha nduguye hufa masikini. Huyu bwana alitaka ndugu ndiye atangulie. Mtu mwenye uchoyo wa namna hiyo, mimi sijui usingizi anaupataje.

Mlango mmoja aliopitishia barua ulikuwa wa nyumba ya mwisho wa mtaa, ile ambayo kila mpangaji aliikimbia mpaka ikabaki tupu. Alijua iko tupu. Aliipitisha tu kwa kuwa mkono ulishazoea. Alipogeuka aondoke, akasikia kwa ndani karatasi ikiokotwa sakafuni na kukunjuliwa. Akajiambia ni panya.

Baada ya mabomba zikafuata taa, zikiwaka na kuzimika chumba kwa chumba. Yakafuata madirisha, yakifunguliwa na kufungwa moja moja. Harufu ya chokaa mbichi ikajaa ndani ya nyumba ambayo haikupakwa chokaa miaka mingi. Halafu ukuta ukaanza kugongwa kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, taratibu, kuelekea nyuma.

"Unasikia?" mke alinong'ona.

"Panya."

"Panya gani huyo anayewasha taa, bwana wee?"

Dalali aliweka kalamu chini. Alikuwa ameutambua mpangilio ule. Ndivyo wateja wanavyokagua nyumba: maji, taa, madirisha, halafu ukuta, wasikie kama tofali ni zima.

Mama akaita kutoka chumbani kwake. Walimkuta ameshikilia shuka kifuani.

"Mwanangu, nina mgeni humu," alisema kwa sauti ya chini. "Ana adabu zake, hodi anapiga. Ananiuliza nitahama lini."

Mke akamgeukia mumewe. "Ni wewe?"

"Haki ya Mungu, si mimi!"

"Leo si yeye," alisema mama. "Mumeo huniuliza ukienda sokoni. Huyu ananiuliza hata ukiwepo." Akajaribu kucheka. "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wangu mimi amekuja kungoja nitoke."

Mke alimtazama mumewe kwa chuki, akaenda kumtafuta mganga.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye haraka kama fundi aliyeacha kazi nyingine nusu. Alivuta hewa mara moja, akauliza, "Nani kamwita?" Dalali akaungama habari ya barua, hata ile ya nyumba tupu.

"Basi hakuvamia," mganga akasema. "Angevamia ningemtoa mimi. Aliyealikwa hutolewa na aliyemwalika. Simama hapo mlangoni, mwambie nyumba haiko wazi na mwenyewe yumo. Lakini umaanishe, maana hawa hawasikilizi mdomo."

Dalali akasimama mlangoni, akakohoa, akasema kwa ile sauti yake ya asali, "Nyumba hii haiko wazi. Mwenyewe yumo."

Ukuta wa upande wa kichwa cha mama ukajibu: ko. Ko. Ko.

"Sema tena," mke alimsihi. "Sema kwa moyo. Ni mama yangu, tafadhali."

Na hapo, huku harufu ya chokaa ikizidi, huku taa ikiwaka na kuzimika juu ya uso wa mama na kila ikiwaka uso unaonekana umesogea mbali zaidi, huku kile kifundo cha kidole kikishuka ukutani mpaka kwenye mbao za kitanda na kugonga palepale chini ya mto, dalali alifungua kinywa aseme, akaona kwa macho ya moyo wake nyumba imepakwa rangi, mnunuzi anatabasamu, yeye anakabidhi funguo, na lile neno aliloambiwa alimaanishe likakosa pa kushika.

"Sema, baba," mama alimwomba. "Sema basi, mkwe wangu."

Akafumba kinywa.

Kugonga kukakoma. Mama akavuta pumzi, akaitoa, na hakuvuta nyingine. Mganga akainama kumtazama, akaanza kufungasha vitu vyake bila kumwangalia mtu.

Mke hakupiga kelele. Alimfunika mama yake uso, akaikunja mikono ya marehemu ndani ya shuka, kisha akamgeukia mumewe.

"Haya," alisema. "Kamwambie mteja wako aingie."

Hapakuwa na haja ya kumwambia. Walipombeba mama na kuvuka kizingiti, mlango ulijifunga nyuma yao taratibu, bila kubamiza. Komeo likasukumwa kwa ndani, kisha wakasikia kitanda kikiburutwa kusogezwa karibu na dirisha.