Disketi ya Benigna

Mwanga wa mwisho ulikuwa bado juu ya milima ya Matogoro Osmund alipofungua ofisi ya hospitali pale Mfaranyaki. Kazi ilikuwa ya kawaida. Kompyuta ya zamani ilikuwa imekufa. Mpya ilikuwa imeletwa kutoka Dar es Salaam pamoja na kompaila mpya, ile programu inayogeuza maandishi ya mtaalamu yawe kazi ya mashine. Alitakiwa kuihamishia humo programu ya kuwaita wagonjwa wa kifua kikuu warudie dawa. Aliyeiandika ni Benigna, mkewe. Wiki ya tatu sasa yumo kaburini.

Siku ya mazishi mama mkwe, Mama Leticia, alitoboa chungu cha marehemu, akavunja mpini wa jembe lake, akaviweka juu ya kaburi. Chombo cha marehemu kikibaki kizima, alieleza, wabaya humwamsha awafanyie kazi nacho. Humgeuza ndondocha. Kisha akamtazama Osmund.

"Na kile kidude chake cha kompyuta, baba. Kivunje."

Osmund alijibu kwa adabu kwamba hospitali ilikuwa inaihitaji ile disketi yenye programu yake. Bakili, mjomba wa marehemu, akaguna kwamba wengine wanalilia mke, msomi analilia plastiki.

Sasa akaiingiza disketi. Kompaila ya zamani ilikuwa mpole: iliyavumilia majina yaliyotumika ndani ya programu kabla ya kutambulishwa. Hii haikuvumilia kitu. Makosa thelathini na saba. Osmund alirekebisha manne, akatoka kunawa uso bombani.

Aliporudi, makosa yalikuwa kumi na moja.

Kiti kilikuwa na joto. Chumba kilinuka udongo mbichi...

Akasoma. Kila rekebisho lilikuwa na maelezo pembeni, herufi ndogo tupu, bila nukta. Hakuna mwingine aliyeandika hivyo.

Akageukia ukuta kwa makusudi, kama mtu anayempisha mwenzake avae nguo.

Tak... tak-tak...

Hakugeuka mpaka vitufe vilipokoma. Hapakuwa na kosa hata moja. Chini kabisa ya programu palikuwa na mstari mpya:

nimechoka osmund niache nilale

Akaitoa disketi, akaishika kwa mikono miwili. Programu ilikwishahamia kwenye mashine mpya. Hospitali haikuihitaji tena disketi. Kisingizio kilikuwa kimekwisha, na alilijua hilo kwa uwazi uleule aliojulia hesabu. Angeikunja kidogo tu, ingekatika.

Miezi yote ya ugonjwa wa mkewe alikuwa akimwambia apumzike.

"Benigna," alinong'ona. "Kidogo tu."

Akairudisha disketi ndani, nzima. Akatafuta katikati ya programu mstari ambao yeye mwenyewe asingeweza kuuandika upya, akaufuta. Kisha akageukia ukuta.

Akasubiri.

Safari hii vitufe vilichelewa... Halafu vikaanza, kimoja kimoja, taratibu, kama vya mtu aliyeburutwa kutoka usingizini.