Blanketi la Viraka

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, alimdharau wifi yake kupita kiasi. Wifi huyo alikuwa amekata nguo za marehemu mama yake, akawa anashona blanketi la viraka kwa mkono, eti kutuliza moyo.

"Tangu lini matambara yakatuliza moyo?" fundi alibeza. "Kwa cherehani ningemaliza kabla chai haijapoa."

Alasiri moja alipita kwa wifi kuazima mkasi. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, umeme umekatika, na wingu la mvua limetia giza nyumba nzima. Kutoka chumba cha ndani alisikia uzi ukivutwa kwenye kitambaa: shwaa, kimya, shwaa.

"Wee wifi, hata gizani unahangaika na hayo matambara?" akacheka.

Sauti ikakoma.

"Unaongea na nani?" wifi akauliza kutoka nyuma yake, akikung'uta mwavuli mlangoni. "Mimi ndiyo kwanza natoka dukani."

Fundi akasonya, akaingia chumbani na tochi ya simu. Hapakuwa na mtu. Kwenye blanketi palilazwa sindano, na kando yake uzi mpya ambao haujatungwa bado. Akaushika. Ncha yake ilikuwa imelowa mate, na mate yenyewe yalikuwa bado ya vuguvugu.