Wa Ishirini na Tano

Jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja tu lizame, Vipimo alipoingia shambani na mifuko ishirini na minne ya karatasi kwapani, stepla mkononi na matusi mdomoni.

Vipimo si jina alilopewa na mama yake. Mama yake alimpenda. Vibarua ndio waliombatiza, kwa sababu mtu yule alipima kila kitu: upana wa mistari, urefu wa mihindi, hata dakika za mtu kwenda msalani. Kitu ambacho hakuwahi kukipima ni mdomo wake, na hapo ingehitajika kamba ndefu.

Alikuwa msimamizi wa msimu kwenye shamba la utafiti wa mbegu. Miaka sita, mikataba ya miezi mitano mitano, kama mchumba anayeposwa kila mwaka na haolewi. Sasa mtafiti mkuu, mama mmoja waliyemwita Daktari, alikuwa amemwambia bila kuzunguka: "Kesho asubuhi nakagua kitalu cha mahindi. Nikikuta kila hindi limevikwa mfuko, nakupa ajira ya kudumu. Nikikuta hata moja liko wazi, msimu ukiisha tuagane."

Kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Hindi likitaka kutoa nywele, unaliwahi, unalivika mfuko, unabana kwa stepla, unaandika tarehe. Ukichelewa, upepo unaleta chavua ya ovyo, na mbegu iliyotafutwa kwa miaka minane inageuka chakula cha kuku.

Mistari ilikuwa ishirini na minne, na vibarua ishirini na wanne. Wote walijifunga vitambaa usoni, maana chavua inawasha na majani ya mahindi yanachana ngozi. Vipimo hakumjua hata mmoja kwa jina wala kwa sura. Aliwaita kwa mistari yao.

"Wewe wa Tisa, unalifunika hilo hindi au unalibembeleza? Wa Kumi na Sita, hata kinyonga angekuwa ameshafika na kunywa chai!"

Lakini vibarua hao walikuwa na mtindo wao. Kila jioni, kila mmoja katika mstari wake, waliuacha mmea wa mwisho bila kuufunika. Miaka yote Vipimo hakujua, kwa sababu jioni huwa ofisini amenyoosha miguu. Siku hiyo hofu ya ukaguzi ilimtoa kitini, akaona. Akamwendea mkubwa wao, mwanamke mtu mzima ambaye wenzake walimwita Shangazi.

"Wa Kwanza! Hii ya mwisho nani kaisusa?"

"Haijasuswa, mwanangu. Imeachwa."

"Imeachiwa nani? Ina mgeni?"

Shangazi akashusha kitambaa. Akaitazama mihindi kwanza, ndipo akamtazama yeye. "Asubuhi utaikuta imefunikwa," akanong'ona. "Iache."

"Loo! Kumbe tuna majini wenye stepla! Niwaandikie na likizo ya uzazi?"

Vibarua waliweka vifaa chini, wakapanda lori lao bila kugeuka nyuma. Vipimo akawasindikiza kwa maneno ambayo karatasi hii ingekataa kuyabeba.

Ndipo akaingia mwenyewe, na ile mifuko yake ishirini na minne.

Mstari wa kwanza. Mfuko. Kach! Tarehe. Mstari wa pili. Kach! Mihindi ilimpita kichwa, na giza lilikuwa likipanda kutoka chini, likimshika vifundo, likimshika magoti. Hakukuwa na upepo. Hata jani moja halikusema kitu.

Mstari wa saba. Kach!

...kach.

Akasimama. Mwangwi? Lini shamba la mahindi likawa na mwangwi?

Mstari wa nane. Kach!

...kach.

Safari hii ilikuwa karibu, nyuma ya majani. Na harufu ikaja... harufu ya udongo wa chini kabisa, ule baridi unaotoka shimo likichimbwa refu.

"Nani huyo?"

Ikajibu sauti ndogo, kavu, kama karatasi inayokunjwa taratibu.

"Kibarua."

Mtu mwenye akili timamu angeacha mifuko, stepla na kiatu kimoja. Lakini dharau ni miwani ya mbao. Vipimo aliona mtu anayejipendekeza, basi.

"Umerudi kutafuta sifa? Haya, anzia mstari wa mwisho uje huku. Na ole wako uniharibie!"

"Ndiyo, bosi."

Kach. Kach. Kach-kach-kach. Upesi mno kwa mikono miwili. Vipimo hajamaliza kuandika tarehe ya mstari wa tisa, ile sauti imeshafika ubavuni mwake.

"Nimemaliza, bosi. Kuna nini tena?"

Akachungulia kati ya majani. Kofia. Kitambaa cha usoni. Katikati, mahali pa macho, hapakuwa na kitu. Akajiambia giza limeingia mapema.

"Wewe ni wa ngapi?"

Kofia ikainama upande... kama ya kitu ambacho hakijawahi kuulizwa swali hilo.

"Sina namba."

"Asiye na namba hana kazi hapa! Kuanzia leo wewe ni wa Ishirini na Tano. Njoo kesho, nitakupa kazi mpaka uchoke."

Mihindi yote ikatikisika kwa pamoja.

Mara moja tu. Bila upepo.

Asubuhi Daktari alikagua, akaridhika, akampa barua yake. Ajira ya kudumu! Vipimo aliisoma kwa sauti mbele ya vibarua, mara mbili, ya pili akiwa amepanda juu ya ndoo. "Mnaona? Wazi ngapi? Sifuri! Nyie na majini yenu mlitaka nife kibarua!"

Jioni akawahesabu vibarua lori likiondoka. Ishirini na wanne. Alikuwa anafunga mlango wa nyumba yake, chumba kimoja pembeni ya ghala, aliposikia nyuma yake:

"Bosi. Wa Ishirini na Tano nimefika."

Hakugeuka. Shingo ilikataa. Akasema neno la kwanza lililomjia: "Funika... funika vibao vya mistari."

Asubuhi kila kibao kilikuwa ndani ya mfuko, kimebanwa vizuri, kimeandikwa tarehe. Vibarua walipita, wakatazama, wakatazamana. Jioni ile sauti ikarudi. "Nimemaliza, bosi. Kuna nini tena?" Ikafunika majembe. Ikafunika ndoo. Ikafunika mabomba, kufuli na misumari ya ukutani, mmoja mmoja. Daktari akamuuliza kama anaumwa. Akajibu anazuia vumbi.

Msimu ukaisha. Mahindi yakavunwa, mabua yakakatwa, shamba likabaki jeupe kama kichwa kilichonyolewa. Siku vibarua wanaondoka moja kwa moja, Vipimo alimfuata Shangazi karibu na lori. Macho yalikuwa yamemtumbukia. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita akafanya jambo ambalo watoto hufanya bila kufundishwa mara mbili.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Leo?"

"Ile mimea ya mwisho... mlikuwa mnamwachia nani?"

"Hatumjui. Tulimkuta. Mama yangu naye alimkuta. Unamwachia kidogo, anafunika, kunakucha, anakwenda. Mwenye kazi yake hana haja na mtu." Akamtazama kama mtu anavyotazama mguu uliooza. "Wewe ukammalizia kazi yake. Halafu ukamwita aje."

"Sasa nifanyeje?"

"Ondoka. Lori lina nafasi, wanangu watakusogelea. Hiyo barua iache mezani."

Vipimo akatazama juu. Nyuso ishirini na tatu zilikuwa zikimtazama, nazo leo hazikuwa na vitambaa. Mmoja akakohoa. Pengine ni kikohozi tu. Yeye akasikia kicheko.

Ajabu ya binadamu! Mtu anatetemeka kwa hofu, lakini kiburi kimesimama wima kama mlingoti.

"Mimi?" akasema. "Mwajiriwa wa kudumu, nikapakatane na vibarua? Nendeni zenu."

Shangazi hakubembeleza. Akapanda. Vumbi la lori likakaa hewani muda mrefu, kisha nalo likashuka.

Jua likabakiza kidole.

Vipimo alijifungia. Akawasha taa, akaiona taa yenyewe ina mfuko. Kikombe kina mfuko. Saa ya ukutani, mfuko. Kiatu cha kulia, cha kushoto. Barua ya ajira, juu ya meza, ndani ya mfuko, imebanwa pande zote nne.

Dirishani ikaja harufu ya shimo.

"Nimemaliza, bosi. Kuna nini tena?"

Akili yake ikakimbia kama panya ghalani. Na ikapata! Kweli ikapata, mpaka akacheka.

"Fungua vyote!" akapiga kelele. "Mifuko yote, vua! Kisha anza upya. Ukimaliza, vua tena, anza upya tena. Kila siku! Umesikia, wa Ishirini na Tano?"

Alihesabu pumzi zake kumi. Kumi na moja.

"Haiwezekani, bosi," ile sauti ikanong'ona, kwa upole, kama kibarua anayemkumbusha msimamizi asiyejua kazi. "Kilichofunikwa hakifunguliwi mpaka kikomae. Ndiyo sheria."

Na pale dirishani, mikono mingi ikainua mfuko mmoja. Ulikuwa mkubwa, kimo cha mtu, umeungwa kwa mifuko midogo mingi. Vipimo, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa neno, aliufungua mdomo.

Mfuko ulikuwa umeshaandikwa tarehe.

Ya leo.