Inchi Nne Chini ya Dole Gumba

Kila asubuhi, kabla mikokoteni haijaziba Mtaa wa Msimbazi, Mzee Wilbert alifungua duka lake la vitenge, na binti yake Evelyn akaketi sakafuni, mgongo ukutani, mguu wa kulia umenyooka. Baba alichora mstari wa chaki penye kisigino. Evelyn alikivuta kisigino kuelekea mwilini, goti likikunjika, kisha akapima kwa futi ya vitambaa kimesogea kiasi gani.

Ilikuwa wiki ya saba tangu afanyiwe upasuaji wa kutengeneza upya kano ya goti, iliyokatika akicheza mpira wa pete. Nirali, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimwambia wazi: "Ijumaa nataka inchi kumi na nne. Goti likigoma, daktari ataamua kama urudi chumba cha upasuaji."

Goti liligoma kwenye kumi. Vicky, mchezaji mwenzake, alipita akacheka. "Eve, kucheza ndo basi tena. Njoo utushangilie tu."

"Nani kasema? Utanikuta uwanjani, na pasi sikupi!"

Mdomo ulikuwa mkali, lakini maumivu nayo hayakuwa na adabu. Alhamisi Evelyn alivuta, akapima, kisha akatangaza, "Kumi na nne, Baba!"

Mzee Wilbert alitazama mkono wa bintiye. Ncha ya futi ilikunjwa chini ya dole gumba, inchi nne nzima. Ulikuwa mchezo wa wauza vitambaa matapeli, na yeye alishafukuza wasaidizi wawili kwa sababu hiyo.

"Inua kidole."

Evelyn aliinua. Futi ikaonyesha kumi. Aibu ilimchoma kuliko goti.

"Linauma, Baba! Na sitaki Vicky anione nimeshindwa."

"Mteja akipunjwa kitambaa, gauni linambana. Leo umempunja nani?"

"Goti langu," alijibu kwa sauti ndogo.

Kesho yake alimwamkia Nirali, akamwambia ukweli. Nirali hakufoka. Aliongea na daktari, akamwongezea wiki mbili na kumwelekeza avute taratibu, mara nne kwa siku. Evelyn alivuta akisaga meno, akilia, akiligombeza goti, lakini hakuacha. Siku ya kumi na moja futi ilionyesha kumi na nne, dole gumba likiwa juu.

"Mwite Vicky ajionee!" alipiga kelele.

Baba alicheka. "Ukaidi wako naupenda, mwanangu. Shindana nayo maumivu, usishindane nao ukweli. Haya, rudisha mguu kwenye chaki. Nirali kasema mara nne, umefanya tatu."