Vipimo vya Upande wa Kushoto

Mvua ya Novemba ilipolishukia soko la mtaa wa Kenya, mjini Lubumbashi, kila mtu alikimbilia paa la karibu. Rehema, beseni la mboga za lengalenga kichwani, aliingia kibanda cha fundi cherehani asiyemjua.

"Ingia, mama, ingia. Hii mvua haina adabu," fundi alisema akimtua beseni. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa pasi hadi kola, na utepe wa kupimia ulimning'inia shingoni. "Mi njo Kasimu. Na weye?"

"Mi njo muntu ya kungoya mvua iishe."

"Basi inyeshe mpaka kesho."

Rehema akacheka kabla hajajizuia. Mwaka na nusu ulikuwa umepita tangu amalize matibabu ya saratani ya titi, kisu kwanza, kisha dawa zilizompukutisha nywele, na kicheko cha namna ile alidhani alikiacha hospitalini.

Mvua ilipokatika alimwachia fundi jina na namba yake, na simu zikaanza. Kila jioni, akimaliza kupalilia matuta yake kule Kasungami, pembeni mwa mji, kwa mjomba wake, simu ililia.

"Mama Lengalenga, umekula?"

"Fundi Sindano, mama yako pia unamupigia simu kumuuliza vile?"

"Mama yangu najua mukono yake kwa chungu. Ya kwako bado sijaonja."

"Samedi utaonja. Kuya na njaa."

Jumamosi alikuja na njaa. Jumapili nyingine walikwenda Karavia, kando ya ziwa, wakanywa soda baridi na kubishana nani anatembea polepole zaidi. Rehema alikuwa na furaha, ila jambo moja hakulisema. Chini ya kwapa la kushoto, maumivu yalikuwa yameanza kuja na kwenda, kama uzi unaovutwa kutoka ndani. Alikuwa mkulima. Alijua kwekwe hurudi kutoka kwenye mzizi usioonekana.

Lydie, rafiki yake, alipokaribia kuolewa, Kasimu akasema atamshonea Rehema libaya, blauzi ya kitenge, la kuvaa arusini.

"Kuya nikupime."

"Haina lazima. Chukua hii ya zamani, kata sawa nayo."

Mafundi wa soko hufanya hivyo kila siku, kwa hiyo Kasimu hakuuliza zaidi. Hakujua kwamba blauzi ile ilishonwa kabla kisu hakijaondoa titi la kushoto.

Siku ya kujaribu, Rehema alitoka nyuma ya pazia amevaa kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano. Kulia kulikaa vizuri. Kushoto kitambaa kilisimama kitupu, na mshono wa kwapa ukambana palepale penye maumivu. Kasimu alitazama nguo, si uso wa mwenye nguo. Aliamini mkasi wake umekosea. Kwa mazoea tu akachukua pini, akabana kitambaa kilichozidi.

"Usiniguse!" Rehema alipiga kelele.

Soko lote likageuka. Kasimu aliinua mikono juu kama aliyeungua. Rehema akavaa nguo zake, akaondoka, akazima simu. Ameshajua, aliwaza. Na kama ugonjwa umerudi, nimfunge mtu wa watu kwa sababu gani?

Siku ya tano Lydie alikuja mwenyewe. "Wee, arusi yangu utakuya na hiyo sura? Vaa viatu, tunaenda kwa docteur."

Daktari, mama mwenye sauti ya taratibu, alimpima, akampiga picha, na wiki ile ile akamwita tena.

"Picha ziko safi, mama. Saratani hatuioni. Maumivu yako iko ya kweli, lakini sababu yake yote siijue. Pengine njo mishipa yenye ilikatwa siku ya operesheni. Inaweza kuisha, inaweza kubakia." Akampa daftari dogo. Kila siku aandike mahali, saa, na namba ya ukali wa maumivu, toka sifuri hadi kumi. Kikitokea kitu kipya, uvimbe au maumivu yanayopanda, arudi bila kungoja.

Kesho yake Rehema alikwenda sokoni bila beseni. Kasimu aliruka mpaka mkasi ukaanguka.

"Rehema, pardon. Mukono yangu ilikosa heshima."

"Mukono yako haikukosa kitu. Ikala, fundi."

Fundi akaketi, naye akamweleza yote, kisu, dawa, uzi unaovutwa, daftari. Kasimu alisikiliza hadi mwisho.

"Na mi siku kumi niko naosha hii mikono," akasema, "nikifikiri umeichukia."

"Siku kumi? Basi haiyakuwaka safi vile hata siku moja!"

Wakacheka. Kisha Rehema akagusa kwapa la kushoto. "Na ikirudia? Docteur hakuniapia."

"Mi pia siwezi kukuapia. Lakini angalia." Akageuza gauni la mteja ndani nje. Pembeni mwa mishono kitambaa cha ziada kilikunjwa upana wa vidole viwili. "Sikatake yote. Muntu ananona, anakonda, anazaa, anagonjwa. Nguo inafunguliwa, inashonwa tena. Mi njo vile natumika kazi yangu."

Rehema aligusa ule mkunjo kwa muda. "Basi nipime."

Kasimu akampa ncha ya utepe aishike mwenyewe, kwa heshima, kisha akazunguka nyuma. Katika daftari lake la wateja akapiga mstari katikati ya ukurasa, kulia na kushoto, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mteja yeyote.

"Huku lelo iko ngapi?"

"Tatu."

Akaandika tatu. "Mushono hautapita hapa. Nitaupeleka nyuma." Akaandika tena, safari hii kwa muda mrefu.

"Libaya moja, na unaandika kama wosia?"

"Niko naandika nguo mbili. Ya kwanza ya arusi ya Lydie." Hakuinua macho. "Mujomba yako anapokeaka bageni ya posa siku gani?"

Uzi ulivuta chini ya kwapa. Bado tatu. Rehema akaichukua kalamu mkononi mwa fundi.

"Dimanche, nyuma ya adhuhuri," akasema, akiiandika Jumapili hiyo mwenyewe. "Na bazee bako bakuye na njaa."