Mpira Ulioingia Kwenye Mahindi

Haya yalimpata rafiki yangu Avelina, mwalimu wa Kiingereza pale Chanji, na Avelina si mtu wa kutunga maneno. Machi mwaka jana timu ya kriketi ya Waingereza ilikuja Sumbawanga, ya kwanza kufika huku kwetu, naye akaombwa awe mkalimani wao kwenye mechi iliyochezwa Pito, nje kidogo ya mji.

Saa tisa alasiri mpira ulipigwa, ukaangukia kwenye shamba la mahindi. Mchezaji mmoja, Peter, akaufuata. Hapo hapo ukungu ukashuka na kiza kikatanda.

"Nisaidieni! Sioni njia!" Peter alipiga kelele kwa Kiingereza kutoka ndani ya shamba.

Walimtafuta saa nzima. Kila walipoisogelea sauti yake, ilisikika upande mwingine. Henry, nahodha wao, alipiga magoti kwenye tope akilia.

"Madam, nitamwambia nini mama yake?"

Avelina akaita tena jina la Peter. Alikuwa ameita mpaka koo limekauka.

Ghafla mahindi yakachakarika, Peter akatoka, amelowa, anatetemeka. Henry akamkumbatia. Avelina akamfunika kwa kitenge chake, wakampandisha kwenye basi la timu.

"Tuondoke," Peter alinong'ona. "Tuondoke sasa hivi."

Dereva aliwasha gari, kisha akalizima. Wote walikuwa wamesikia. Kule kwenye mahindi sauti ya Peter ilikuwa bado inalia, sasa inakwaruza kwa kuchoka:

"Henry, mbona mnaondoka? Mimi niko huku!"